Mtoto Ana Miaka Mingapi?

Swali lililokula sehemu kubwa ya kazi yangu ya uafisa wa probesheni lilikuwa fupi: huyu mtoto ana miaka mingapi?

Nilipoajiriwa, katika miaka ya 1990, sheria ya Kenya iliruhusu mtoto wa miaka 8 ashtakiwe kwa jinai, na mahakama ilikuwa bado na uwezo wa kuamuru mvulana achapwe kiboko. Aliyekuwa chini ya miaka 12 ilibidi tu ithibitishwe kwamba alijua alitendalo ni kosa. Ukivuka daraja la Malaba mambo yalikuwa tofauti: Uganda ilishaweka umri wa miaka 12 katika sheria yake ya watoto ya 1996. Mvulana wa miaka 10 akikamatwa akichota sukari kwenye lori upande wetu, aliweza kupandishwa kizimbani. Ng'ambo ile, kosa lile lile, hashtakiki. Na hawa walikuwa watoto wa njia za panya, mama yuko huku, baba yuko kule, mpaka wenyewe hawauoni.

Umri kwenye hati ya mashtaka huandikwa kituoni, usiku, mtoto akitetemeka. Wengine walidanganywa na wakubwa waliowakuta seli kwamba ukijiita mtu mzima utatozwa faini urudi nyumbani. Basi wakasema 18, na kwa neno hilo wakapelekwa rumande pamoja na wanaume wazima. Jambo hilo liliniuma kuliko lolote katika kazi hii.

Mwaka 2008 nililetewa faili la kijana wa huku Marachi, si mbali na Khunyangu. Hati ilisema 18. Daktari alimfungua kinywa akatafuta magego ya mwisho, akaandika kati ya 16 na 18, maana meno hayasemi zaidi ya hapo. Nikaenda kwao kuandika ripoti ya mahakama. Nyanya yake alinikaribisha jikoni, moshi umejaa.

"Kukhu," nikamuuliza, "huyu alizaliwa lini?"

"Mwanangu, tulipopiga kura ya vyama vingi alikuwa anatambaa. Nilimfunga mgongoni nikaenda naye kwenye foleni."

Kura ile ilikuwa Desemba 1992. Akainuka, akatoa kwenye sanduku la bati kadi ya kliniki iliyoliwa na mende pembeni. Safu za chanjo zilisomeka, na mwezi pia: Machi 1992. Kijana alikuwa na miaka 16.

Kadi ile ilibadili kila kitu. Kwa umri huo hakimu angeweza kumpeleka Shikusa, kule Kakamega, bostali, taasisi ya kurekebisha tabia, ya wavulana wa miaka 15 hadi 17, na kumweka huko hadi miaka 3. Au angempa probesheni, njia iliyowekwa na sheria ya mwaka 1943, akae kwao chini ya uangalizi wetu. Niliandika kwamba nyumba ipo, nyanya ana kauli, liguru, mzee wa kijiji, yuko tayari kumfuatilia, na fundi baiskeli wa sokoni atampokea. Hakimu akakubali. Sikuona, wala sioni leo, kwa nini mvulana mwenye jiko la kurudia apelekwe kulala bwenini na wageni.

Katiba ya 2010 ikaja kuandika kwamba mtoto asizuiliwe ila kama njia ya mwisho, kwa muda mfupi kabisa, na kando na watu wazima. Kisha Sheria ya Watoto ya 2022 ikapandisha umri wa kushtakiwa hadi 12, na kati ya 12 na 14 mtoto huchukuliwa kuwa hawezi kutofautisha jema na baya mpaka mahakama iridhike vinginevyo. Nilifurahi mno. Lakini kadiri mistari ya umri inavyoongezeka, ndivyo karatasi inavyozidi kuhitajika. Mtoto anayezaliwa hospitalini Khunyangu huandikiwa hapo hapo. Wa nyumbani humtegemea naibu wa chifu, na hapo ndipo wengi hupotea. Nilipokuwa kazini nilikuwa nikipita kwake kuuliza daftari la vizazi limefika wapi. Nimestaafu, na bado napita.