"Watu wa Hali Zote"

Kuna sentensi moja niliyoiandika gazetini ambayo nikiikumbuka hadi leo naona aibu. Niliandika kwamba tamasha lile "lilifurika watu wa rika zote na hali zote". Mhariri aliipenda, akaiacha ilivyo. Wasomaji nao hawakulalamika. Aliyelalamika ni mtu mmoja tu, tena alinipigia simu asubuhi na mapema kabla sijapiga mswaki.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hao wa hali zote uliwaona wapi? Maana mimi nilikuwa kwenye bajaji."

Huyo ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Alipata polio akiwa mdogo na anatumia kiti mwendo. Ni fundi cherehani, anaishi Mbagala, na kwa habari za muziki usijaribu kubishana naye. Ni Sikinde damu. Ukimwambia Msondo ndiyo baba ya muziki anaweza akakushonea suruali mguu mmoja mfupi makusudi.

Tamasha lenyewe lilikuwa mahali fulani kwenye mwambao huu wa kaskazini mwa Dar es Salaam. Jina silitaji, kwa sababu mbili. Kwanza, yaliyotokea pale yanaweza kutokea kwenye matamasha mengi tu. Pili, mwenye kosa ninayetaka kumsema leo ni mimi.

Basi ilikuwa hivi. Mimi nilikwenda kikazi, nina kitambulisho cha waandishi shingoni. Dada yangu alikata tiketi kwa hela yake, akakodi bajaji kutoka mjini. Tulipofika getini tukakuta njia ya kuingilia imezungushiwa mabomba, upana wa mtu mmoja mwembamba. Walinzi walikuwa vijana wastaarabu sana, nisiwasingizie. Wakasema, "Dada usijali, sisi tutakubeba." Wakamnyanyua wanne, kiti na yeye, wakapita naye juu juu kama wanapakia friji kwenye fuso. Mmoja alimshika mahali ambapo hakupaswa kumshika. Wakamshusha, nao wakasikia raha ya mtu aliyetenda wema.

Mbele kulikuwa na mchanga. Ule mchanga mweupe mkavu ambao kwenye picha unapendeza. Magurudumu ya mbele ya kiti mwendo ni madogo, yanazama kama kisigino cha kiatu kirefu. Tulisukuma hatua kama ishirini, tukachoka, akakaa hapo hapo tulipokwama. Watu wakajaa mbele yake wakiwa wamesimama. Kuanzia hapo, alichokiona kwenye tamasha ni makalio ya watu.

Nikamuuliza kama nimletee soda. Akakataa. Nikamuuliza maji. Akakataa. Ndipo akaniambia kitu ambacho mimi, ndugu yake wa damu niliyekua naye, sikuwa nakijua: tangu saa mbili asubuhi hajanywa kitu chochote. Kila akienda mahali pa watu hafanyi hivyo kwa kukosa kiu. Hanywi kwa sababu hajui choo kikoje. Pale vyoo vilikuwa vile vibanda vya plastiki, na kila kimoja kina kidaraja cha kupanda. Alikuwa amekisia vizuri.

Mimi nikaitwa mbele kwenye eneo la waandishi. Nikaenda. Niliporudi baada ya saa nzima sikumkuta. Alikuwa ameomba watu wamrudishe nje, amekaa kwenye bajaji barabarani, anasikiliza muziki aliolipia tiketi kwa kupitia ukuta wa makuti. Nikamrudisha nyumbani, nikafungua kompyuta, nikaandika "hali zote".

Sasa ndugu yangu msomaji, usiniambie kwamba nilisahau. Sikusahau. Nilimwona, nikamsukuma kwa mikono yangu, kisha nilipokaa kuandika habari nikaona kwamba yeye si habari. Habari ni jukwaa, taa na umati. Hilo ndilo linaloniuma.

*

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Mlingotini kumsalimia shangazi. Kwa wasiopajua, ni kijiji cha pwani kusini mwa mji wa Bagamoyo, ukishapita Kaole kwenye yale magofu na ukapita Mbegani kwenye chuo cha uvuvi. Wanaume wengi ni wavuvi, na kina mama wengi, shangazi yangu akiwemo, wanalima mwani. Maji yakitoka wanakwenda huko kwenye mashamba yao baharini, yakirudi nao wanarudi.

Jioni moja nilikuwa nimekaa ufukweni nawatazama vijana wakiipandisha mashua. Mashua ni zito, sijui ni sawa na viti mwendo vingapi. Lakini hakuna aliyeibeba kichwani, na hakuna aliyesema kwamba mchanga umewashinda. Walipanga magogo chini, mashua ikateleza juu yake, gogo la nyuma likitoka linakimbizwa mbele. Pale mchanga ulipokuwa laini sana walitandaza mbao. Mzee mmoja fundi wa mashua alikuwa amekaa pembeni anaelekeza kwa kidole tu.

Nikamwendea. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Nikamuuliza: mtu mwenye kiti cha magurudumu mnaweza kumpitisha hapa?

Akanitazama kama nimeuliza swali la mtoto. "Kwani yeye ni mzito kuliko mashua?"

Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Watu wa pwani wamevusha vitu vizito juu ya mchanga miaka na miaka. Kumbe mchanga haukuwa tatizo. Ni kwamba hatujawahi kumhesabu dada yangu kuwa mzigo wenye thamani kama mashua.

Ikasadifu vijana wa hapo kijijini walikuwa wanataka kuandaa usiku wa ngoma na muziki kwenye uwanja ulio karibu na ufukwe, wachangishe fedha za jezi. Nikajipendekeza kwenye kamati. Nikawaambia nina ombi moja, na nitalisimamia mimi.

*

Nilisoma kidogo, maana kazi yetu ni kusoma. Nikakuta hesabu ambazo hazihitaji digrii. Mteremko wa kiti mwendo unatakiwa uwe moja kwa kumi na mbili: ukitaka kupanda sentimita 1, nenda mbele sentimita 12. Kwa hiyo jukwaa lenye urefu wa mita 1 linataka mteremko wa mita 12. Mlango uwe na nafasi isiyopungua sentimita 80 hivi. Ndani ya choo kiti kiweze kugeuka, na hiyo inataka duara la mita 1 na nusu.

Nikakuta pia kwamba Uingereza kuna shirika linaitwa Attitude is Everything, lililoanza mwaka 2000, ambalo kazi yake ni kuyabana matamasha na kumbi za muziki ziweze kuingiwa na watu wenye ulemavu. Tamasha la Glastonbury linafanyika kwenye mashamba ya ng'ombe, na mvua ikinyesha panakuwa tope tupu, lakini wana majukwaa ya kutazamia kwa watu wa viti mwendo na wakalimani wa lugha ya alama. Na msaidizi wa mtu mwenye ulemavu huwa anapewa tiketi yake bila kulipa. Wenzetu tope, sisi mchanga.

Na usidhani ni mambo ya Ulaya tu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 30 cha mkataba huo kinazungumzia hayo hayo: utamaduni, burudani na michezo. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sensa ya mwaka 2022 ikaonyesha asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Chukua tamasha la watu 1,000. Wanapaswa kuwepo zaidi ya 100. Wewe mara ya mwisho uliona wangapi?

Tena tunazungumza kana kwamba wao ni watazamaji tu. Staff Benda Bilili wa Kinshasa, waliotoa albamu yao mwaka 2009 wakazunguka dunia, wengi wao walipata polio na walikuwa wanapiga muziki wakiwa juu ya baiskeli zao za miguu mitatu. Kikundi cha Tanzania Albinism Collective kutoka Ukerewe kilipiga kwenye tamasha la WOMAD huko Uingereza mwaka 2017. Wangekuja kwetu, hao wa kwanza wangepandaje jukwaani? Na hao wa pili, ambao jua ni adui wa ngozi yao, tungewapangia saa nane mchana bila kivuli?

*

Turudi Mlingotini. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyesoma makala tatu. Tukaazima mbao kwa yule fundi wa mashua, tukatandaza kutoka barabarani mpaka uwanjani, pengine mbao, pengine makuti yaliyosukwa juu ya mchanga uliomwagiwa maji na kushindiliwa. Kwa kina mama wa mwani tukajifunza kujenga kichanja, zile meza wanazoanikia mwani, ila chetu kinene, chini kabisa, sentimita 30, na mteremko wa karibu mita 4. Tukakiweka pembeni kulia, tukakizungushia kamba, tukabandika karatasi: WALEMAVU. Nikapiga picha.

Dada yangu nilimwomba afike siku moja kabla. Akaja, akapita juu ya mbao mwenyewe bila kusukumwa, mimi nikawa nasubiri sifa. Akafika kwenye kichanja, akasoma ile karatasi, akanyamaza kidogo.

"Mdogo wangu, mmenijengea banda la mbuzi."

Nikajitetea. Akaendelea, "Mimi nakuja na shoga zangu. Wao wanakaa wapi? Mnanitenga huku peke yangu na kamba, watu waje kunitazama mimi au muziki?"

Kamba ikatoka. Karatasi ikatoka. Kichanja tukakihamishia karibu na katikati, tukakipanua, tukasema ni cha yeyote asiyeweza kusimama usiku kucha: wazee, wajawazito, mwenye goti bovu, pamoja na rafiki zao. Choo cha nyumba ya jirani tukakitanua mlango na kuweka kiti kilichotobolewa katikati juu ya tundu, na mpini wa kushika. Kazi ya asubuhi moja. Yote yale tuliyoyapata vizuri aliyasema yeye ndani ya nusu saa, na kama tungemuuliza mwanzo tusingejenga mara mbili.

Usiku ule, baada ya sala ya Isha, watu wakaanza kuja. Na hapa ndipo nataka unisikilize. Wakaja watu ambao wanakamati wenyewe, waliozaliwa pale, hawakuwa wamewakumbuka. Mzee mmoja ambaye kisukari kilimkata mguu. Mama mmoja asiyeona, akashikwa mkono na mjukuu wake, akakaa kichanjani akawa anamuuliza mtoto kila dakika, "Sasa wanafanya nini?" mpaka mtangazaji akashtuka akaanza kueleza kwenye kipaza sauti nani anaingia na amevaa nini. Watu wote wakafaidi. Akaja kijana kiziwi. Hakwenda kichanjani. Alikwenda moja kwa moja kwenye ngoma kubwa, akaomba kwa ishara, akaweka viganja ubavuni mwa ngoma, akafumba macho. Mpigaji akamwacha. Alikaa hapo karibu usiku mzima.

"Hawa walikuwa wapi siku zote?" mwenyekiti wa kamati akaniuliza.

Walikuwa nyumbani, wanasikiliza kwa kupitia ukuta wa makuti.

Waandaaji wengi nikizungumza nao wananiambia, "Walemavu hawaji, tutumie fedha kwa nani?" Ni kama kufunga duka halafu kulalamika hakuna wateja. Fedha yenyewe, kwa sehemu kubwa, si nyingi. Kilichotugharimu Mlingotini ni chai ya mafundi, misumari na mpini wa choo. Najua tamasha kubwa la maelfu ya watu linataka zaidi ya hapo. Lakini linapata pia wadhamini, na nafasi ya kuandika kwenye tangazo jinsi ya kuingia, choo kikoje na nani wa kumpigia simu. Kwa mtu kama dada yangu sentensi hizo mbili tatu ndizo zinazoamua kama siku hiyo atakunywa maji au hatakunywa.

Sisi waandishi nasi tuna kazi. Nikienda tamashani siku hizi, kabla ya kutafuta msanii wa kumhoji, natafuta choo na nautazama mlango. Nahesabu. Kama hawapo, naandika kwamba hawapo.

Usiku ule wa Mlingotini nilimrudisha dada Bagamoyo kwa bajaji, saa saba. Alikuwa amekunywa soda mbili na madafu. Njia nzima nilisubiri aseme kitu kuhusu zile mbao, kile kichanja, ule mlango. Hakusema hata neno moja. Alilalamika mwanzo mpaka mwisho kwamba mpiga gitaa la besi alikuwa anakimbia mbele ya ngoma, na kwamba kwenye Sikinde mtu kama yule asingeruhusiwa hata kubeba nyaya.

Sijawahi kufurahia lawama kama zile.