Ng'ombe wa Mpwa

Kitale, Jumanne, 6 Agosti 2024

Mpwa wangu alilala hapa. Alifika jana jioni akipiga chinyimba, kengele zake, akialika jamaa, maana mwaka huu ni wa tohara. Saa moja asubuhi dada akapiga simu kutoka Bungoma. Hakulia. Aliuliza kama mtoto amekunywa chai, kisha akasema baba yake ameanguka uani na ameshapelekwa mochari.

Nikamwambia kijana babake anaumwa, twende. Ndivyo tulivyokuwa tukiambiwa sisi pia, na hatukuwahi kuamini. Kufika Kamukuywa, abiria mmoja akamsihi apige kengele kidogo. Akanitazama. Nikamnyooshea kondakta nauli, na nilikuwa nimeshalipa.

Bungoma, Alhamisi, 8 Agosti

Kila anayeingia anauliza, "Alikuwa anaugua nini?" Dada anaanza upya: aliamka, akakamua, akaomba maji ya kunawa. Asubuhi aliongeza kikohozi. Jioni hii ni kifua, tangu wiki jana. Hadanganyi. Aliyeuguza mgonjwa miezi sita ana mengi ya kusimulia. Yeye ana dakika chache tu, na wageni hawaishi.

Mzee mmoja anataka maiti ipasuliwe. Akamtaja Masinde Muliro, aliyeanguka uwanja wa ndege wa Nairobi tarehe 14 Agosti 1992 akitoka London, na hadi leo watu wanabishania kilichomuua.

"Muliro alikuwa na maadui, papa," dada akamjibu. "Huyu alikuwa na madeni."

Watu walicheka, hata mzee. Kamati ya mazishi ikarudi kwenye mahema, jeneza na michango ya M-Pesa. Zamani nilizidharau kamati hizi.

Jumamosi, 10 Agosti

Tumezika. Mvua ilitukimbiza kabla wanasiasa hawajamaliza, shukrani kwake.

Jumatatu, 12 Agosti

Siku ya tatu, wafiwa wamenyolewa. Kumuse, hotuba ya kuwafariji wafiwa, haikuwapo; hiyo ni ya mzee aliyekula chumvi nyingi, na shemeji hakufika hamsini. Kwenye kumuse ya kuka, babu yetu, nilimsikiliza msemaji akienda huku na huku kwa saa nyingi, akiunganisha koo na vizazi, mpaka kifo chenyewe kikapata mahali pa kukaa. Kwa huyu tuliketi kusikiliza madeni tu.

Mwenye duka anadai sukari. Fundi baiskeli akakiri mwenyewe: alikopeshwa elfu tatu, hakuna aliyejua. Kisha mama mmoja wa sokoni akasimama: marehemu alishamlipa bei yote ya wimbi la busaa ya tohara, wiki iliyopita. Dada, mkavu tangu Jumanne, akapiga ukemi mpaka wanawake wakamshika.

Baba mdogo anasema kijana angoje msimu ujao, 2026. Wengine wanasema atahiriwe kwa jirani. Wamebishana hadi giza.

Kijana alinifuata nje. "Khocha, yule ng'ombe utakayenichinjia kwa luliki bado yuko?"

"Yuko."

"Usimuuze."