Wimbo wa Upande wa Pili

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu limepata kuwako kasha la santuri, nakuomba ulikumbuke kabla hatujaendelea. Zikumbuke zile sahani nyeusi zilizofutwa kwa kitambaa cha pamba, na sindano iliyoteremshwa taratibu na mkono wa mtu mmoja tu, kwa maana watoto walikatazwa kugusa. Halafu ujiulize: ni wimbo upi uliokaa zaidi moyoni mwako, ule wa upande wa kwanza au ule wa upande wa pili?

Kwa Bibi yangu huko Mgori, mkoani Singida, jibu lilikuwa wazi. Santuri za marehemu Babu zilikaa katika kasha la mbao chini ya kitanda, ndani ya nyumba ya tembe ambamo joto la mchana halikupata nafasi ya kuzipinda. Babu alikuwa utingo wa malori, na safari ya Morogoro au Dar es Salaam ilipompa chochote, alirudi na santuri moja. Wageni walipofika waliomba ule wimbo waliokwisha kuusikia redioni, nao ndio uliokuwa upande wa kwanza. Miaka ikapita, sindano ikazichimba pande za kwanza hata zikawa zinakwaruza kama mtu apepetaye uwele. Pande za pili zikabaki safi. Kwa hiyo sisi wajukuu, tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, tulilelewa na pande za pili. Nyimbo zilizovuma tulizijua kwa majina. Zile ambazo hakuna aliyeziomba tulizijua kwa moyo.

Nilipokua ndipo nilipofahamu sababu ya mpango huo. Santuri ndogo, ile izungukayo mara 45 kwa dakika, ilibeba muziki wa dakika tatu au nne hivi kila upande. Mfanyabiashara aliweka mbele wimbo aliotumaini kuwa utamwuzia santuri, na nyuma akaweka mwingine wa kusindikiza. Hapa kwetu Afrika Mashariki mara nyingi wimbo mmoja mrefu ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza ikabeba maneno, na sehemu ya pili ikabeba magitaa yalipochangamka na watu wakainuka vitini. Aliyezoea upande mmoja tu alipata nusu ya habari.

Lakini, ndugu msomaji, ziko nyimbo zilizokosa hata huo upande wa pili. Katika miaka ya 1960 na 1970 santuri za bendi zetu zilifyatuliwa Nairobi. Hata Mbaraka Mwinshehe, aliyejipatia sifa akiwa na Morogoro Jazz kisha akaunda Super Volcano mwaka 1973, alitegemea studio za huko, na mauti yalimkuta huko huko Kenya katika ajali ya gari mwezi Januari mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa nchi hizi mbili ulifungwa, usifunguliwe tena hadi mwaka 1983. Kwa bendi nyingi njia ya santuri ikawa nyembamba sana.

Iliyobaki wazi ni njia ya redio. Radio Tanzania Dar es Salaam iliziita bendi studioni, ikarekodi nyimbo zao katika kanda na kuzihifadhi katika maktaba yake. NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, ya mwaka 1970. Vijana Jazz ya umoja wa vijana, ya mwaka 1971. Mlimani Park Orchestra ya mwaka 1978, iliyokuja kuitwa DDC Mlimani Park: zote zilipita humo. Wimbo uliweza kuimbwa kutoka Kagera hadi Mtwara bila kuuzwa dukani hata siku moja. Ukitaka kuusikia, ulimngoja mtangazaji aupige. Ukitaka uwe wako, ilikubidi uunase mwenyewe kwa redio kaseti, huku umewanyamazisha watoto na kumfukuza jogoo dirishani.

Hivyo ndivyo Bibi alivyoupata wimbo wake.

Mwaka 1984 Babu aliugua akalazwa hospitali mbali na nyumbani kwa miezi kadhaa. Barua zilichelewa, na simu kijijini haikuwako. Basi akanunua kadi ya salamu, akaandika jina lake, jina la mkewe, kijiji cha Mgori, mkoa wa Singida, na wimbo wa Mlimani Park aliotaka mkewe apigiwe, akaituma redioni. Kisha akaandika barua nyumbani kueleza kwamba ametuma. Mdogo wake Bibi, aliyekuwa mwalimu, alikuwa na redio kaseti. Wakati wa kipindi cha salamu alikaa mbele yake siku baada ya siku, kidole juu ya kitufe. Wiki ya tatu mtangazaji akasoma: jina la Babu, jina la Bibi, Mgori, Singida. Wimbo ukafuata. Mwalimu akaunasa wote, pamoja na salamu zake, kisha akaving'oa vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda ili asitokee mtu wa kurekodi juu yake. Katika karatasi ya kanda akaandika neno moja tu: DADA.

Babu alipona akarudi, akaishi miaka mingine kumi. Wimbo ule haukupata kutiwa katika santuri yoyote ya kasha lake. Bibi hakuhitaji. Siku za Jumapili jioni aliteremsha betri alizokuwa amezianika juani juu ya dari la tembe, akazitia katika redio, akasikiliza salamu zake na wimbo wake, kisha akazima. Hakupiga kitu kingine, kwa kuwa betri zilikuwa ghali.

Sasa nieleze kosa langu, maana ndilo lililonishikisha kalamu hii.

Mwaka 2001 nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, nikaja Mgori likizo kutoka Singida mjini. Nilikuwa na kiu ya nyimbo za vijana wa kizazi kipya zilizokuwa zikivuma siku zile, wala sikuwa na fedha ya kanda. Katika kikapu cha Bibi nikaiona kanda kuukuu iliyoandikwa DADA. Vijino vilikuwa vimeng'olewa, lakini mtoto wa mjini alijua dawa yake: nilitafuna kipande cha karatasi ya daftari, nikaviziba vile vitundu, nikairudisha kanda mwanzo, nikarekodi. Kitufe kilishuka bila ubishi wowote.

Jumapili ilipofika Bibi aliketi kwenye kigoda chake akabonyeza. Badala ya mtangazaji, akatoka kijana akighani. Bibi hakusimamisha. Alisikiliza hadi kijana akamaliza, pakafuata kishindo kidogo, kisha ukajitokeza mkia wa wimbo wake: tarumbeta na gitaa, dakika moja hivi, basi. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilingoja fimbo, au angalau maneno. Bibi akanigeukia, akaniita kama alivyozoea kwa utani wa bibi na mjukuu: "Mume wangu, huyu kijana naye anaimba vizuri." Akaitoa kanda, akairudisha kikapuni. Tangu siku hiyo sikuiona tena ikipigwa, na kwa miaka mingi sikulizungumza jambo hilo na mtu yeyote.

Nilikuja kuwa mwandishi wa habari, na kila niliposoma juu ya muziki nilijikuta nazitafuta habari za nyimbo zilizookolewa. Uingereza kulikuwa na bendi ya The Beatles, ambayo nyimbo zake nyingi nzuri hazikuingia katika albamu za bendi hiyo huko kwao. "Rain", wa mwaka 1966, ulikuwa upande wa pili wa "Paperback Writer". Mwaka 1988 nyimbo za namna hiyo zilikusanywa zikatolewa pamoja kwa jina la Past Masters, asipotee hata mmoja. Kwetu nako, Dar es Salaam ilikuwa na vijana wa Sunburst waliochanganya roki na midundo ya Kiafrika. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976 wakiwa Zambia. Baada ya miaka arobaini, mwaka 2016, kampuni ya Strut ya London iliitoa tena, ikaongeza nyimbo za santuri zao ndogo na zile walizorekodi Radio Tanzania. Nao Mlimani Park, bendi ya wimbo wa Bibi, mkusanyo wao uitwao Sikinde ulitolewa Marekani mwaka 1994 na kampuni ya Africassette ya Detroit, kutokana na kanda za redio za miaka ya 1980.

Utaona kwamba wokovu wa nyimbo hizi ulitoka mbali. Lakini utaona pia kwamba hakuna awezaye kuokoa kitu asichokijua jina. Kanda iliyoandikwa bendi, wimbo na mwaka humngoja mtu wake hata baada ya miaka arobaini. Kanda yetu iliandikwa DADA, na mwalimu aliyeiandika amekwisha kutangulia mbele ya haki.

Mwaka 2023 nilikwenda Mgori nikiwa nimeazimia. Bibi alikuwa amevuka miaka themanini, macho yamefifia, lakini masikio ni yale yale. Nilimwomba aniimbie wimbo wa kadi ya Babu. Alicheka, akasema mwanamke mzee haimbiwi dansi wala haimbi dansi. Jioni, tulipokwisha kula, akaanza mwenyewe. Maneno aliyakumbuka nusu nusu. Gitaa alilikumbuka lote. Alilipiga kwa mdomo, noti kwa noti, akaonyesha kwa mkono mahali tarumbeta zinapoingia. Nikamnasa kwa simu yangu.

Dar es Salaam nilimpelekea mzee mmoja aliyepata kuwa fundi mitambo wa redio. Alisikiliza mara mbili. Mara ya pili alimaliza ubeti ambao Bibi alikuwa ameuacha, kisha akanitajia wimbo, mwimbaji na mpiga gitaa. Baada ya majuma machache nakala ilipatikana: karibu dakika saba, safi, kuliko hata ilivyosikika katika redio kaseti ya mwalimu. Jina la wimbo silitaji hapa. Nilimwomba Bibi ruhusa akaninyima. "Huo ni wa nyumbani," alisema.

Nilirudi Mgori kwa basi, simu mfukoni kama mtu aliyebeba yai. Bibi alisikiliza wote, kichwa kikitikisika kidogo kila gitaa lilipopanda. Ulipokwisha alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza:

"Ndio wenyewe. Lakini mbona hawakumtaja babu yako?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipofahamu ukubwa wa nilichokifuta. Wimbo uliweza kupatikana, kwa maana nakala yake ilikuwa mahali fulani. Lakini ule upande mwingine, sauti ya mtangazaji akisoma jina la mume mgonjwa na la mkewe aliyebaki Mgori, ulikuwa katika kanda moja tu duniani, nami niliiziba matundu kwa karatasi ya daftari. Nilimwungama Bibi, miaka ishirini na miwili baada ya kosa.

"Nilijua siku ile ile," akajibu. "Karatasi uliisahau ndani." Akamtuma binamu yangu kikapuni. Kanda ilikuwako, na kile kipande cha karatasi kilikuwa bado katika tundu lake, kimekauka kama ganda la karanga. Hakuwa amekitoa, wala mimi sikukitoa.

Watu wa Mgori wanajulikana kwa msitu wao wa miombo. Katika miaka ya 1990 vijiji vitano vilianza kuulinda vyenyewe, vikaweka walinzi wake na sheria zake. Havikungoja mtu wa mbali aje kuupenda kwanza. Naona nyimbo za nyumbani zinataka ulinzi wa namna hiyo. Zilizovuma zina wenyewe. Wafanyabiashara hawataziacha zipotee. Zile za upande wa pili, na zile zisizopata santuri kabisa, hazina mlinzi isipokuwa familia iliyozipenda.

Kwa hiyo leo Jumapili, kama mzee wako yu hai, mketie karibu. Mwulize ni wimbo gani uliokuwa wake, ulipigwa na bendi gani, aliusikia wapi na ni nani aliyemtumia. Usimkatize akisema hakumbuki maneno. Mwache apige gitaa kwa mdomo. Mrekodi akiimba, na mrekodi akisimulia, kisha uandike jina na mwaka, maana simu nazo hupotea na kuharibika kama kanda zilivyoharibika. Na ukikuta kanda isiyo na vijino, fahamu kwamba kuna mtu alitaka kukuambia jambo.

Kanda ya Bibi tumeirudisha kikapuni kama ilivyokuwa, na karatasi yake ndani. Ila juu ya kasha lake, kwa wino mweusi, chini ya neno la mwalimu, nimeandika jina la bendi na la wimbo, mwaka 1984, na salamu zile Bibi alivyonisomea kutoka moyoni mwake: jina la Babu, jina lake, Mgori, Singida.