Funguo za pesa zako ziko na nani?

Watu wangu, leo si video. Leo naandika, kwa sababu hii stori nikiisema mbele ya kamera nitacheka, na haichekeshi.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa chuo, mwaka wa pili. Mama akanitumia 38,000 za karo. Mamangu ni mama karanga Msambweni, kwa hivyo hizo ni pesa za samaki, miezi ya moshi na mafuta moto. Mimi nikampa jamaa mmoja hapa Diani. Alikuwa na viatu vikali, simu mbili na grafu za kijani. "Mimi ndiye broka wako, wewe tulia tu." Nilituma kwa namba yake mwenyewe. Kila Ijumaa akaniletea skrinishoti: 45,000, 52,000, 61,000. Nilipotaka kutoa, namba ikawa haipatikani. Chuo kikaishia hapo.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Sasa mwanangu, funguo za hizo pesa zilikuwa na nani?"

Chama chao kina sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa akina mama watatu, nyumba tatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa wa nne. Hakuna anayeweza kufungua peke yake. Ndiyo maana mpaka leo wanaaminiana.

Nilipoanza kusoma mambo ya hisa, kwa hasira, nikakuta soko la Nairobi limepangwa karibu vivyo hivyo. NSE ni soko lenyewe, mahali wanunuzi na wauzaji wanakutana. Dalali wa hisa anapeleka oda yako na kulipwa kamisheni. Lakini daftari la nani ana hisa ngapi halikai kwake. Liko CDSC, kwa akaunti yenye jina lako. Ukiweka kwa mfuko wa pamoja, meneja anaamua pesa zinunue nini, ila mali inashikwa na mtunzaji, mara nyingi benki, na kuna mdhamini wa kuwachunga. Juu yao wote kuna CMA inayotoa leseni, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwa tovuti yake.

Jamaa yangu alikuwa dalali, daftari, mtunzaji na hakimu, wote ndani ya viatu vilevile.

Leseni nayo si hirizi. Nyaga Stockbrokers ilikuwa nayo, na Machi 2008 ikabidi CMA iiweke chini ya msimamizi, wateja wakilia hisa zao. Kwa hivyo taarifa ya akaunti yako ya CDSC isome mwenyewe.

Halafu wanunuzi pia si aina moja. Kuna NSSF, mifuko ya pensheni na kampuni za bima: hawa wana wachambuzi wa kulipwa na wanaweza kungoja miaka kumi. Kuna wageni wa nje. Halafu kuna sisi, wenye bando na haraka. Kwale tumeliona hili kwa macho. Mchanga wa titani ulianza kusafirishwa kupitia Likoni 2014. Kampuni iliyochimba, Base Resources, hisa zake ziliuzwa Australia, si Nairobi. 2024 ikanunuliwa na Energy Fuels ya Marekani, na Desemba mwaka huohuo uchimbaji ukaisha. Vijana wa huku tuliuliza kazi ya lori iko wapi. Hisa zinauzwa wapi, nani kati yetu aliuliza?

Sisemi hisa ni utajiri. Safaricom iliuzwa shilingi 5 mwaka 2008, na mwaka uliofuata ilishuka hadi chini ya 3. Lakini kushuka bei ni kitu kimoja, kuibiwa ni kingine. Bei ikishuka, hisa bado ni zako.

Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja; zamani ubao wa kawaida ulianzia 100. Mimi nimeanza na chache. Na deni la Mama nimelipa 11,000, bado 27,000.

Nilimwonyesha akaunti yangu ya CDSC kwa simu. Akavaa miwani, akasoma jina langu polepole, herufi kwa herufi. Kisha akaniuliza neno la siri nimempa nani.

Sijampa mtu, Mama.