Silinda Tatu Zinanitosha

Manze, tangu niache chuo nadunduliza pesa za kitu kimoja: injini ya radiali ya ndege yangu ya rimoti, ile silinda zake zimezunguka shafti kama miale ya jua. Moyo ulitaka silinda saba, kwa sababu ya mlio na video. Lakini kila silinda ina plagi yake, valvu zake, na shida zake. Tena ndege ikikaa, oili hushuka ikajaa silinda za chini. Ukiwasha kwa pupa, konrodi inapinda.

Pupa naijua. Ndiyo ilinipeleka kozi nisiyoitaka.

Basi nimechagua Saito ya Japani, silinda tatu, ninayoweza kuihudumia mwenyewe. Kabla ya kuwasha, natoa plagi za silinda za chini, nazungusha propela kwa mkono, polepole.

Mathe anasema nimekomaa. Bei bado sijamwambia.