Kukaza kwa Nguvu Kulituponza

Mimi ni bwana shamba katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Kazi yangu ni mihogo, mpunga na machungwa. Lakini leo nitaeleza kosa nililolifanya kwenye injini ya boti.

Miaka michache iliyopita, kikundi cha wakulima kilinunua boti ya kupelekea machungwa Mwanza. Injini yake ilikuwa ya dizeli, ya silinda nne, iliyotoka kwenye trekta kuukuu. Fundi aliifumua, akaiunda upya. Ilipowaka, tulipiga makofi.

Baada ya wiki mbili nahodha aliniambia, "Bwana Shamba, kila jioni maji ya injini yamepungua."

Nilitazama. Niliona unyevu pale silinda hedi inapokutana na bloku. Silinda hedi ni kifuniko kizito cha chuma kilicho juu ya injini. Chini yake huwekwa gasketi. Gasketi huzuia moto, maji na oili visichanganyike.

Chuoni nilifundishwa trekta kidogo, nikajiona fundi. Nikasema, "Fundi wa nini? Tukaze tu." Nilichomeka bomba refu kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu. Nikaanza na bolti za mbele, nikamaliza na za nyuma. Unyevu ukakauka. Wote wakanisifu.

Safari iliyofuata tulikuwa watu 11. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Katikati ya ziwa mvuke ulifoka, injini ikazimika. Upepo ulianza kutusukuma. Kijana mmoja alichota ndoo ya maji ya ziwa aimwagie injini. Nahodha akamshika mkono. "Usimwage! Chuma cha moto kikipata maji ya baridi hupasuka."

Tulipiga kasia mpaka usiku. Mtoto alilia njia nzima. Kila aliponyamaza, niliogopa zaidi. Tulifika nchi kavu salama, lakini sikuweza kumtazama mama yule usoni.

Fundi alikuja, akafungua silinda hedi injini ikiwa baridi kabisa. Gasketi ilikuwa imeungua kutoka kwenye silinda mpaka kwenye tundu la maji. Akalaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya silinda hedi. Mwanga ulipita chini ya rula. Chuma kilikuwa kimepinda. Kilipelekwa Mwanza kusawazishwa kwa mashine. Fedha za machungwa zilikwisha hapo.

Fundi akauliza, "Kitabu cha injini kiko wapi?" Kilikuwa chini ya kiti cha nahodha, hakijafunguliwa. Kiliandikwa kwa Kiingereza, lakini kilikuwa na picha. Mama mweka hazina alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Aliitazama picha ile akasema, "Namba 1 iko katikati. Namba 2 iko ng'ambo yake. Zinakwenda nje hatua kwa hatua. Bwana Shamba, wewe ulianzia pembeni."

Nikanyamaza. Alisema kweli.

Safari hii tulifuata utaratibu. Fundi alisafisha chuma na matundu ya bolti, akayakausha. Maji au oili yakibaki chini ya tundu, bolti haikazi vizuri. Aliweka gasketi mpya, kwa maana iliyotumika hairudishwi. Kisha alikaza kwa spana ya kupimia nguvu. Mama alisoma namba, fundi akakaza. Walizunguka mara tatu, kila mara wakiongeza nguvu kidogo, mpaka kufikia kipimo cha kitabu.

Ndugu msomaji, kama una injini ya boti, ya pampu au ya mashine ya kusaga, angalia dalili hizi:

Maji yanapungua kila siku.
Mapovu yanatoka kwenye tangi la maji wakati injini inanguruma.
Oili imekuwa kama chai ya maziwa.
Moshi mweupe hauishi hata injini ikipata moto.

Ukiona dalili hizi, zima injini, mwite fundi. Usifungue mfuniko wa maji injini ikiwa ya moto. Mvuke utakuunguza.

Boti yetu bado inakwenda Mwanza. Kitabu sasa anakitunza mama mweka hazina. Nikishika spana, ananiuliza kwanza, "Bwana Shamba, umesoma?"