Chale, pwani ya wavuvi, na karatasi ya matokeo

Ukitaka kufika Chale, msomaji, huna budi kuvuka kivuko cha Likoni, upande matatu hadi Ukunda, kisha ufuate njia ya ufuoni kuelekea kusini, ukipita Galu na Kinondo, kwenye msitu wa kaya ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kisiwa cha Chale kiko ng'ambo ya mlango mdogo wa bahari. Maji yakipwa waenda kwa miguu. Yakijaa, watafuta chombo.

Wageni hufuata mchanga mweupe na hoteli ya kisiwani. Lakini mzazi wa mjini akiketi kidogo na wenzake wa huku, atasikia mazungumzo anayoyajua kwake: mtoto kapata ngapi?

Watu wazima wa hapa walizoea KCPE, mtihani ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023. Alama zilikuwa kati ya 700, baadaye zikawa 500. Jambo ambalo wengi hawakuambiwa ni kwamba alama hizo zilisawazishwa, wastani wa kila somo ukiwekwa kwenye 50 hivi. Basi mtoto wa 250 alikuwa katikati ya watahiniwa wa Kenya nzima, hata kama hakujibu nusu ya maswali au alijibu zaidi. Sijui ni baba wangapi waliosema "nusu tu!" na kumkabidhi kijana nyavu.

Sasa kuna KJSEA ya Gredi ya 9, ambayo matokeo yake ya kwanza yalitangazwa Desemba 2025. Mzee mmoja mvuvi alinionyesha karatasi ya mjukuu wake.

"Mwanangu, hii 5 ni katika mia?"

"La, mzee, ni katika 8."

Somo hilo lilikuwa na ME2, yaani mtoto amefikia matarajio, na kiwango hicho huchukua alama 41 hadi 57 kwa mia. Mzee akacheka. "Arubaini na moja nayo yafikia?" Naam, na swali lake ni la haki: maneno matamu huweza kumficha mzazi pengo kubwa, kama vile tarakimu kavu zilivyomtisha zamani bila sababu.

Kujumlisha pointi za masomo yote 9, ambazo upeo wake ni 72, nako hakutoshi. Watoto wawili wenye 45 huenda mmoja ni hodari wa hisabati na mwenziwe wa lugha na sanaa, na shule ya sekondari ya juu hupangwa kwa mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Tena KJSEA ni asilimia 60 tu ya hesabu ya kumpangia mtoto shule. 20 hutoka mtihani wa Gredi ya 6 na 20 kazi za shuleni za Gredi ya 7 na 8.

Karatasi hiyo haisemi mtoto alisoma kwa vitabu gani. Jirani hapa Gazi, wanakijiji huhifadhi mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, na sehemu ya fedha za hewa ya kaboni hununulia shule vitabu.

Mzee aliikunja karatasi, akauliza jingine: shule yenye mkondo wa sayansi iliyo karibu na Chale ni ya kutwa au ya bweni, na nauli ni kiasi gani?